Dikteta wa Mpaka Mvua

Juzi mjukuu wangu aliniita dikteta. Nilikuwa nimemnyang'anya simu nikamtuma akaoshe vyombo, naye akaenda akinung'unika, "Ayeeyo ni dikteta, wallahi," akidhani masikio yangu yameshazeeka. Binti yangu akacheka kule jikoni. Mimi sikucheka. Nilibaki nimekaa mkekani na simu ya mtoto mkononi, na harufu ya moshi na maziwa yaliyochacha ikanijia puani. Ndani ya nyumba yangu hapa Garissa hakuna kitu cha kunuka hivyo, isipokuwa haan moja ya zamani niliyoitundika ukutani, na hiyo haijatiwa maji miaka mingi.

Kwa asiyeijua, haan ni chombo cha maji na maziwa cha wafugaji. Husukwa kwa nyuzi za mizizi, kikafukizwa moshi mpaka kisivuje, kikafungwa ubavuni mwa ngamia. Hii ilikuwa ya mama yangu. Habari yake nitaieleza na sitajipamba. Wengi wenu mtakaosoma ni wa rika langu, mlikuwa watoto katika ukame ule, na mnajua kiu inavyombadilisha mtu. Lakini msianze kunihurumia. Subirini.

Naitwa ayeeyo, yaani bibi, na meno yangu yote yapo. Niliolewa mapema, binti yangu naye vivyo hivyo, kwa hiyo nimekuwa bibi kabla ya mvi. Shule nilifika darasa la nne, pale Elwak, nikikaa kwa mama mdogo. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara, mrefu, suruali yake haimfiki viatuni. Mwaka ule redio za madukani zilikuwa zinasema mkubwa wa Mogadishu amekimbia, na watu walikuwa wanavuka mpaka wakiwa na magodoro vichwani. Neno dikteta lilikuwa kinywani mwa kila mtu mzima. Siku moja tukamuuliza mwalimu maana yake.

Alikwenda mlangoni kwanza, akachungulia nje, akarudi. Akasema kwa sauti ya chini, "Dikteta ni mtu ambaye akisema, wengine wote hunyamaza."

Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Kama wewe, mwalimu?"

Tulicheka mpaka madawati yakatikisika. Mwalimu alipiga meza kwa kiboko, lakini na yeye alikuwa anazuia kicheko. "Mimi kengele ikilia, kazi yangu imeisha, naenda kunywa chai," akasema. "Dikteta hana kengele."

Mimi nilichukua maneno yale ya kwanza. Haya ya kengele niliyaacha darasani. Kuanzia siku hiyo kila aliyenikataza kitu alikuwa dikteta: msichana mkubwa aliyeshika kamba ya kuruka, mpishi aliyepima uji, mama mdogo mwenyewe, ila yeye nilimwita hivyo moyoni, maana mkono wake ulikuwa mwepesi.

Kisha ukame ukakaza na baba akaja kunichukua. Nyumbani kila mkono ulihitajika. Aabe alikuwa mtu wa mzaha. Aliweza kumwigiza ngamia aliyenuna hadi ngamia mwenyewe akageuka kumtazama. Kwetu baba humwita mtoto wake kwa jina lile lile ambalo mtoto humwita yeye, kwa hiyo mimi nilimwita Aabe, na yeye aliniita Aabe. Alisimama mlangoni mwa mama mdogo na vumbi mpaka nyusi, akaniambia, "Haya, Aabe. Kalamu itakungoja. Mbuzi hawangoji."

Tulikuwa nyumba nne zilizopiga kambi upande wa Kutulo. Malisho yalikuwa yamekwisha, na hapo ikabidi kuhama. Kwetu safari ya namna hiyo haiendi kwa majadiliano ya kila siku, kwa sababu watu wakibishana njia panda maji yanaisha. Wazee hukaa, humchagua mtu mmoja, na watu wazima wote, wanawake pia, husema mbele yake: "Mpaka mvua." Wakishasema, neno lake ndilo neno. Akisema hama, mnahama. Akisema chinja huyu, mnachinja. Mwenye kinyongo anakiweka. Siku mvua ikinyesha wanamwendea, wanamwambia, "Mvua imenyesha. Kazi yako imeisha," na hapo anakuwa mtu kama watu wengine, na mwenye kinyongo anaweza kukitoa.

Walimchagua Aabe. Alikuwa ametangulia kwa miguu, akaona kwa macho yake kisima chenye maji, mwendo wa siku tisa. Adeer Bulle, yaani ami Bulle, binamu yake, alitaka kisima cha karibu zaidi. Adeer Bulle alikuwa na ngamia wengi kuliko sisi na sauti kubwa kuliko ngamia wake. Hata hivyo naye alisema, "Mpaka mvua." Nilimsikia.

Kutoka siku ile Aabe hakufanya mzaha tena. Hakumwigiza ngamia. Hakuniita Aabe. Aliniita "wewe msichana," kama nilivyoitwa na watu wa sokoni. Maji yote ya nyumba nne yaliwekwa chini ya mkono wake. Kila haan na kila jerikeni aliifunga mwenyewe kwa kamba, kwa fundo la ukoo wetu alilofundishwa na babu yangu, na alifungua alfajiri na magharibi tu, akipima kikombe kwa kikombe. Fundo lile lilikuwa gumu. Mtu mwingine akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa.

Isipokuwa mimi. Nilipokuwa mdogo Aabe alikuwa amenifundisha, kamba akiwa ameizungusha kwenye kidole gumba cha mguu wake, mimi nimekaa kati ya magoti yake. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Hooyo, mama yangu, alikuwa ameupiga mkono huo mpaka ukaacha kugusa chakula, lakini kwenye kamba Aabe aliuachia. "Mwache," alimwambia Hooyo. "Kamba haijui mikono."

Nilikuwa na kitoto cha mbuzi, Caddey, mweupe mwili mzima. Alikuwa kizazi cha mbuzi niliyepewa siku niliyozaliwa, kwa hiyo alikuwa wangu hasa. Siku ya tatu ya safari Aabe akatoa amri kwamba wanyama wadogo hawatapewa maji. Anayeweza kutembea atembee, atakayeanguka atachinjwa.

Nikamwendea. "Caddey atakunywa nusu ya yangu."

"Hapana. Yako ni yako. Wewe ukianguka, nani atakubeba?"

"Lakini Aabe..."

"Wewe msichana. Nimesema."

Niliwaendea watoto wenzangu nikawaambia, "Baba yangu amekuwa dikteta." Neno hili walilijua, wakalipenda. Kesho yake walikuwa wanatembea nyuma yake mikono mgongoni, wakinyoosha shingo kama yeye. Adeer Bulle akawaona, akauliza ni nini, wakamwambia ni maneno yangu. Alicheka akashika mbavu. "Binti amesoma!" akasema. "Mwacheni, amesema kweli." Tangu hapo kila alfajiri, kabla ya salamu, Adeer Bulle aliuliza kwa sauti, "Dikteta wetu ameamka?" na watu wazima walianza kutabasamu. Aabe alisikia. Alinitazama mara moja tu, akaendelea kupima maji.

Tulikuwa tunatembea kabla jua halijawa kali na tunalala mchana chini ya migunga. Mchana huo kambi yote hulala kama imekufa, hata mbwa. Siku ya nne nilinyanyuka, nikaenda kwenye haan ya Hooyo, ambayo zamu yake ya kugawiwa ilikuwa bado, nikafungua, nikachota kikombe, nikafunga. Nikampa Caddey. Siku ya tano nikafanya tena. Sikujiona mwizi. Nilijiona mtu jasiri anayempinga dikteta, kama wale wa redioni.

Siku ya sita kamba iliponaswa kwenye mdomo wa haan nikaivuta kwa nguvu, chombo kikainama, maji yakamwagika. Sijui ni kiasi gani. Najua sauti yake. Mchanga uliyanywa mbele ya macho yangu, na kabla sijamaliza kufunga pale chini palikuwa pamekauka, hakuna alama. Nilirudi kulala. Niseme kweli, nililala usingizi.

Magharibi ile Aabe aligawa kutoka kwenye jerikeni. Haan ya Hooyo aliifikia alfajiri ya pili yake. Akaweka mkono kwenye fundo, akasimama. Mkono ukabaki pale, umelifunika lote. Kisha akalifungua haraka haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akainua chombo, akakishusha. Angeweza kunyamaza akatugawia pungufu. Hakunyamaza.

"Maji yamepungua," akasema. "Zaidi ya nusu."

Adeer Bulle akasogea. "Fundo lilikuwaje?"

"Zima."

"Nani mwingine anajua fundo hilo?"

Aabe alianza kuizungusha kamba kiganjani. Hooyo alikuwa ameshika kikombe kitupu.

"Hakuna mwingine," Adeer Bulle akawajibu wote. "Na nimekuona ukilifunika kwa mkono. Haya, ni jambo dogo. Apa. Sema wallahi sijui maji haya yamekwenda wapi. Ukiapa, mimi mwenyewe nitakuomba radhi hapa hapa."

Watu wazima wote walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nyuma ya Hooyo, nimemkumbatia Caddey, aliyeyanywa maji yale. Nilingoja Aabe aape. Kwetu mwanamume mkweli haogopi kuapa. Ni maneno mawili tu.

Aabe alitazama chini. Hakuapa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mahali ninapoona aibu kuliko pale kwenye maji. Mtoto mwingine angeanguka chini akasema, ni mimi. Mimi nilifikiri hivi: kumbe na yeye anakunywa. Kama hanywi, mbona haapi? Nilifikiri mimi nachukua mchana na yeye anachukua wakati wake, na kwamba maji yaliyopungua ni yake zaidi kuliko yangu. Hata niliyoyamwaga niliyaona madogo. Nilimkasirikia kwa moyo safi kabisa.

"Dikteta," akasema Adeer Bulle, na safari hii hakuna aliyetabasamu.

Wakamvua kazi yake palepale. Hakupiga kelele. Adeer Bulle alipotangaza kwamba tunageukia kisima cha karibu, Aabe alisema tu, "Kile nimekiona. Ni matope."

"Wewe huna neno tena."

Akaenda kufunga mizigo, akatembea nyuma ya msafara pamoja na watoto na mbuzi wachovu. Watoto waliokuwa wakimwigiza walikimbilia mbele.

Kisima kilikuwa matope, na punda aliyekufa ndani. Wanaume walichimba siku mbili wakapata maji ya rangi ya chai, kidogo, yenye harufu. Pale akafa mama yake Adeer Bulle, bibi mzee aliyekuwa haoni vizuri, ambaye jioni alikuwa akinipapasa uso ili ajue ni mtoto wa nani. Tulimzika kando ya kisima kile cha matope. Adeer Bulle mwenyewe alisema basi, turudi kwenye njia ya kwanza. Hakusema ni njia ya nani. Tulifika kwenye kisima cha Aabe na nusu ya wanyama wetu. Maji yalikuwepo, mengi, kama alivyosema. Caddey hakufika. Alianguka njiani, Aabe akamchinja kwa mkono wake bila kunitazama, na mimi sikulia kwa sababu nilikuwa nimeazimia asinione nikilia.

Mvua ilinyesha baadaye, mvua kubwa ya kuvunja vibanda. Watu wa nyumba nne walikimbia huku na huku wakicheka na kutega vyombo. Aabe alikaa mlangoni mwa kibanda chetu, mikono magotini, akiitazama. Hakuna aliyemwendea kumwambia, "Mvua imenyesha. Kazi yako imeisha." Kazi walikuwa wamekwishamnyang'anya, wangemwambia nini? Tangu hapo hakuchaguliwa tena kwa jambo lolote. Kwenye vikao alikaa pembeni karibu na mlango, na akizungumza watu walitafuta tumbako mifukoni. Shuleni sikurudi. Mzaha wake ulirudi kidogo, kwa watoto wadogo tu.

Miaka ikapita, nikawa msichana wa kuolewa. Siku ya kuondoka kwenda kwa mume wangu upande wa Kotile, Hooyo alinipa ile haan. Ngoma zilikuwa zinapigwa, wanawake wanaimba, ngamia anapakiwa. Aabe akanipa kamba.

"Funga wewe, Aabe," akasema.

Alikuwa hajaniita hivyo tangu Elwak. Nikafunga. Aliinama akalitazama fundo langu, akacheka kile kicheko chake cha zamani, akagusa ncha ya kamba kwa kidole.

"Mkia wake bado unaangukia kushoto," akasema. "Tangu zamani, Aabe. Hata kule."

Halafu akaenda kumshika ngamia.

Nilisimama pale na nguo zangu mpya. Fundo lake yeye mkia uliangukia kulia. Langu kushoto. Mtu yeyote aliyelitazama alfajiri ile angeona tofauti, ndiyo maana alilifunika kwa mkono, ndiyo maana akalifungua haraka. Alijua kabla hajainua chombo. Wala hakuapa, kwa sababu alikuwa anajua maji yamekwenda wapi, na hakuwa mtu wa kuapa uongo. Angeapa nusu, kwamba yeye hakunywa, wangemuuliza nusu ya pili. Mtoto wa miaka kumi aliyemwaga maji ya nyumba nne katika ukame ule hasahauliki. Jina hilo lingenifuata mpaka kwenye posa. Akalichukua yeye.

Ningeweza kumfuata. Zilikuwa hatua kumi. Lakini kulikuwa na watu, kulikuwa na ngoma, na mimi nilijiambia nitamwambia nikija kuwatembelea. Aabe alikufa kabla ya mvua iliyofuata. Habari ilinifikia ameshazikwa.

Nirudi kwa mjukuu. Kesho yake alikuja na kitabu chake cha shule, ameona nimenuna, anataka tupatane. "Ayeeyo, kumbe hili neno mwanzoni halikuwa tusi," akasema. Akanisomea. Kwamba Warumi wa kale nchi yao ikipata hatari walimchagua mtu mmoja, wakakubali wote kunyamaza yeye akisema, lakini kwa miezi sita tu. Hatari ikiisha, au miezi ikiisha, anaweka kazi chini anarudi shambani kwake. Huyo ndiye aliitwa dikteta.

"Mbona limekuwa tusi?" nikamuuliza.

"Baadaye walikuja wengine waliokataa kurudi shambani."

Nikamkumbuka mwalimu na suruali yake fupi. Dikteta hana kengele. Kengele ya Aabe ilikuwepo, tuliitaja sote kwa midomo yetu, na mimi nikamwita kwa jina la watu wasio nayo.

Siku hiyo hiyo niliitungua haan ukutani nikaenda kwa Adeer Bulle. Anaishi hapa hapa Garissa kwa mwanawe, na macho yake yamekwenda kama ya mama yake. Nilimwambia yote, bila kukaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyoosha mkono.

"Lifunge," akasema.

Nikafunga. Akalipapasa taratibu, akaufuata mkia kwa kidole mpaka ulipoishia, kushoto.

"Hili ndilo alilolifunika."

"Ndilo, Adeer."

"Nikasema anaficha wizi wake." Kidole chake kilikuwa bado kwenye mkia wa kamba. "Mama yangu..." akasema, na hakumaliza. Nilisimama nikingoja laana yake, na ningeipokea.

"Nilimsimulia kila mtu," akasema hatimaye. "Watoto wa nyumba zile wamejaa kutoka hapa mpaka Kutulo, na wote wamekua wakijua kwamba baba yako alikunywa maji ya wenzake. Mimi sina tena miguu ya kuwazungukia. Wewe ulisoma kidogo. Andika."

Nimeandika. Maji niliyafungua mimi, mara tatu, mchana, na ya mara ya tatu niliyamwaga. Aabe hakunywa hata tone lisilokuwa lake. Wenye watoto, wasomeeni.

Na wewe, Aabe: mvua imenyesha. Kazi yako imeisha.